Hotuba ya Kuzindua Ndege Nafuu na Mishahara Inayolingana Nazo

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Bodi; Mheshimiwa Makamu Mwenyekiti, ambaye pia ni shemeji yangu lakini leo yuko hapa kikazi; waheshimiwa wakurugenzi wa kampuni zenye ndege, na waheshimiwa wakurugenzi wa kampuni zenye nia ya kuwa na ndege; wajumbe wa Kamati ya Maandalizi; wajumbe wa Kamati ya Kuandaa Kamati ya Maandalizi; wahandisi, mafundi, wanahabari wote wawili; na mwisho kabisa, kwa kuwa karatasi imeishia hapo, marubani. Itifaki imezingatiwa, na aliyesahauliwa aniandikie barua. (Makofi kutoka meza kuu.)

Mimi, kama Mkurugenzi wa Uratibu wa Ndege Ndogo za Kampuni, nimesimama mbele yenu katika banda hili la ndege, lililofagiliwa tangu alfajiri kwa ajili yangu, nikiwa na furaha isiyo kifani kuutangazia umma kwamba baada ya mchakato shirikishi wa miezi kumi na minne, warsha sita, semina elekezi tatu na ziara moja ya mafunzo iliyonigusa sana, hasa upande wa hoteli, Mpango Mkakati wa Ndege Nafuu sasa umefikia hatua ambayo wataalamu wanaiita hatua. (Kicheko kidogo upande wa marubani. Kikohozi.)

Ndugu zangu, ndege ya kampuni ni ile inayompeleka bosi kikaoni na kumrudisha kabla chai yake haijapoa. Zamani ilikuwa ghali mno, hata kampuni kubwa zikawa zinaazimana kama majirani wanavyoazimana ungo. Leo teknolojia imepiga hatua, na huko duniani zimeanza kuundwa ndege ndogo zaidi, injini moja, viti vitano, bei yake theluthi moja ya zile tulizozizoea. Utafiti wa ofisi yangu umeonyesha kuwa asilimia mia moja na kumi na mbili ya wadau wanaziunga mkono, na hao wa ziada ni wale tuliowauliza mara mbili. (Makofi. Mpiga picha anamulika.)

Sasa nije kwenye jambo lililowaleta wengi wenu, maana sidhani mmefuata soda. Mishahara. Ofisi yangu ilipoutafuta waraka wa mishahara ya marubani wa kampuni, haikuupata. Ilichokipata, kabatini, chini ya birika, ni waraka wa madereva na waendesha mitambo, nao ukurasa wa tatu unasema wazi kwamba mwendeshaji alipwe kwa kadiri ya bei ya chombo chake: wa lori apate kuliko wa pikipiki, na wa greda apate kuliko wa lori. Tukafuta neno greda, tukaandika ndege, tukapiga mhuri. Basi hesabu ikajileta yenyewe: chombo kikiwa theluthi ya bei, mshahara nao uwe theluthi. Na kwa kuwa utekelezaji unatakiwa uanze mara moja ili viashiria vya tija vionekane, tulianza na upande wa mishahara, kwani ndio uliokuwa tayari. Huu ni mwezi wa nane mnapokea mshahara wa ndege mpya. Hongereni sana. (Miguno. Kiti kinaanguka.)

Naona mkono umenyooshwa safu ya mbele. Ni Mama Kapteni, ambaye kwa miaka ishirini na miwili amewarusha wakurugenzi wa nchi nzima bila kumwaga hata kikombe cha kahawa, na ndiye aliyenileta hapa asubuhi hii. Sema, mama, lakini kwa kifupi, maana hotuba ni yangu.

(Kapteni anasimama. "Mheshimiwa, ndege zikishuka bei, kampuni nyingi zitanunua. Marubani ni sisi hawa hawa, na rubani hafundishwi kwa wiki mbili. Zitatugombania. Kwa hiyo mshahara unatakiwa upande, sio ushuke. Mimi binti yangu yuko chuo, na muhula huu amekaa nyumbani kwa ajili ya karo. Nataka kujua kitu kimoja tu. Mwezi ujao mshahara wangu unarudi, au haurudi?" Makofi marefu upande wa marubani.)

Ahsante sana, mama, kwa swali zuri, na nimelipokea kwa mikono miwili. Kulijibu ni hatua nyingine, ina kamati yake. Ila nikutoe wasiwasi kuhusu hilo la kugombaniwa. Hatutawagombania, kwa sababu ndege mpya inarushwa na rubani mmoja. Kiti cha kulia, ambacho kimekaliwa na rubani msaidizi tangu enzi za mababu, tumekikomboa. Atakikalia mkurugenzi mwenyewe, aone mawingu. (Rubani msaidizi aliye kando ya Kapteni anauliza: "Na Kapteni akizimia hewani, mheshimiwa?") Akizimia, ndugu yangu, kuna fomu. Mkurugenzi ataijaza kwa nakala tatu. (Kicheko. Meza kuu inatazama chini.)

Najua mabadiliko yanauma. Lakini wahenga walisema ukitaka cha mvunguni sharti uiname, nami nimewainamisha kwa moyo mweupe. Na msidhani sisi viongozi hatujajinyima. Katika ziara yangu ya mafunzo nilipanda ndege kubwa yenye marubani wawili na wa akiba wa tatu, si kwa anasa, bali kwa sababu nina familia.

Sasa tusimame wote. Nikisema "Ndege ndogo", mseme "Tija kubwa". Ndege ndogo! (Meza kuu: "Tija kubwa." Marubani: "Mshahara mdogo.") Ndege nafuu! (Marubani: "Iko wapi?") Vizuri sana, sauti zimechanganyika kidogo lakini hamasa ipo.

Kabla sijashuka jukwaani nitoe shukrani. Namshukuru shemeji yangu kwa mahema, vipaza sauti na soda. Naishukuru kamati kwa mabango yale ya rangi yanayoonyesha ndege mpya, iliyochorwa vizuri hata mimi mwenyewe nilitaka kuipanda. Nakishukuru kwa namna ya pekee kile kiwanda cha ng'ambo tulichoandikiana nacho kwa miezi kumi na minne kuhusu ununuzi, ambacho katika barua yake ya juzi kimetufafanulia, kwa lugha ya staha, kwamba chenyewe hutengeneza feni za darini na hakijawahi kuunda ndege ya aina yoyote. Feni arobaini zimeshafika, ni imara sana. Na kwa hakika nawashukuru ninyi marubani, ambao makato yenu ndiyo yaliyozilipia. (Hata meza kuu haipigi makofi.)

Basi niishie hapo, jua linakwenda, na jioni hii nina kikao cha tathmini huko makao makuu. Mama Kapteni, naiona ile ndege yetu ya zamani pale nje, imeshajazwa mafuta. Twende zetu.

(Kapteni anabaki ameketi. "Mheshimiwa, ile ni ndege ya mshahara wa zamani. Mimi nalipwa wa ndege mpya. Ikifika, nitakurusha." Rubani msaidizi naye anakunja mikono. Marubani wanapiga makofi, na fundi mmoja anaanza kufunga mlango wa banda.)

Nimekusikia, mama. Naomba basi nimalize kwa swali moja dogo kwa wenyeji wetu: kutoka hapa hadi stendi ya basi, kwa miguu, ni mwendo wa muda gani?