Vita Vyangu na Kura ya Turufu

Jumatatu, 2 Juni. Brussels. Mvua.
Waraka wangu umekamilika! Kurasa nne, miezi saba ya jasho. Unasema hivi: katika mambo ya nje ya umoja wetu wa nchi za Ulaya, nchi moja isiweze tena kuzikwamisha nyingine ishirini na sita kwa kura ya turufu. Wengi wakikubali, jambo limepita. Balozi Dzintra, bosi wangu, kasema ukipita nabaki hapa kama naibu wake. Usipopita, Agosti narudi nyumbani Riga, kukaa kwenye dirisha la pasipoti. Kasema bila kucheka. Huyu mama hatanii.

Jumanne, 3 Juni
Waraka umetumwa kwa nchi zote. Asiyepinga kwa maandishi hadi Alhamisi saa sita mchana, amekubali. Wanaouchukia wapo tele, ila hakuna anayetaka kuonekana wa kwanza kupinga. Watanyamaza tu. Nimekula chipsi na mayonezi kwa furaha.

Jumatano, 4 Juni
Ebo! Kwenye waraka, jina la Ilkka, mwenzangu wa ubalozi wa Ufini, limetangulia langu! Ilkka, aliyechangia koma mbili, moja si mahali pake. Nimemfuata. Eti wamepanga kwa umri, yeye kanizidi miezi minne. Eti kaka Valdis, tulia, unywe kahawa. Mimi nitulie? Kahawa yenyewe sikuimaliza.

Alhamisi, 5 Juni
Balozi yuko mkutanoni. Saa tano na nusu nimeupinga waraka wangu mwenyewe, kwa niaba ya nchi. Kidogo tu! Kumtisha Ilkka. Saa sita kasoro robo kasalimu amri: jina langu mbele. Saa sita kasoro dakika kumi nikaondoa pingamizi. Kazi safi.

Saa sita mama wa sekretarieti kapiga simu. Eti kimya kikishavunjwa hakiungwi, mjadala umefunguliwa. Waliokuwa wamejificha wametoka wote. Kufikia saa saba nchi tisa zimepinga, na kila moja inaishukuru nchi yetu kwa kuonyesha njia. Waraka umekufa.

Balozi kaniita. Kasema Valdis, mwanangu, hata maadui zetu wasingetuweza hivi. Nimeumia. Miezi saba!

Ijumaa, 6 Juni
Narudi Riga. Imethibitishwa. Wenzangu ofisini, watu wema, wanataka kuniaga mapema, Jumatatu hii. Balozi mwenyewe atanisemea maneno mawili matatu, jambo ambalo hajawahi kumfanyia mtu. Barua pepe imesambazwa: keki ya tufaha, asiyepinga hadi saa sita mchana amekubali. Tufaha! Na wanajua fika napenda ya cheri. Saa sita kasoro dakika mbili nimepinga.

Saa saba jibu limekuja. Wameshindwa kuafikiana, sherehe imefutwa. Balozi kasema basi, hotuba yake ataifungia kabatini.

Angalau ile ya tufaha haikupita.