Mtamba wa Nyanzala na Kibangwa cha Naseeb

Jumatatu, 4 Machi 1996

Leo tena hakuna kitu! Nimekanyaga baiskeli kutoka Misunkumilo mpaka mjini, dukani kwa Naseeb, mvua juu ya kichwa. Kibangwa hakuna. Naseeb anasema mvua imekata reli, mzigo umekwama Kaliua. Anasema hivyo huku anatafuna karanga. Karanga zangu! Nilimpelekea mimi.

Niandike vizuri, maana nimesoma kisomo cha watu wazima, na darasa zima nilikuwa wa pili. Wa kwanza alikuwa mke wa mwalimu, kwa hiyo haihesabiki. Kibangwa ni duara jeupe la kombe la baharini, kubwa kama kisosi. Watemi walivaa shingoni. Siku hizi havipatikani. Naseeb alituambia mjomba wake, Sadalla, amepata viwili huko Ujiji, vya zamani kabisa. Kimoja changu. Kingine cha Malale, jirani yangu, mtu asiye hata na shingo.

Malale kalipa beberu. Mimi nimelipa mtamba mwekundu! Mtamba ni wa mke wangu Nyanzala, alipewa na kaka yake Kija wa Litapunga. Nyanzala nimemwambia nimempeleka mtamba Kasansa kwenye dume zuri. Atakaponiona kwenye kikao cha wazee na kibangwa kifuani, atanishukuru. Ila amesema mtamba asiporudi wiki hii anamfuata mwenyewe. Mwanamke mbishi!

Jumatano, 6 Machi

Nimekwenda stesheni kuchunguza. Treni nimeikuta imesimama pale pale, inashusha magunia! Nikamuuliza Dorotea muuza chai, reli imekatika lini. Akaniuliza kwani babu umeamka leo? Treni haijakosa kuja tangu Krismasi.

Uongo! Mchana kweupe! Nikaenda kwa Naseeb, nikamkunja shati. Akavua kofia. Akasema baba mkubwa nisamehe, nilikuficha nisikuumize moyo. Mjomba Sadalla amefariki juzi. Vibangwa vilikuwa mkononi mwake.

Nikaachia shati. Nikamnyoosha kola. Nikamnunulia soda.

Hasira ilinirudia nikiwa nusu ya njia, na soda nilikuwa nimeshailipia.

Nyumbani Nyanzala kauliza mtamba. Nikamwambia mvua imekata barabara ya Kasansa. Akasema lori la Kasansa limempita asubuhi, limejaa mpunga. Mtu mwenye akili hajibizani na mtu anayehesabu malori.

Ijumaa, 8 Machi

Malale kasema, ngosha, mwanaume mwenzangu, maiti haifichiki, twende tukahani. Wazo ni lake lakini mimi ndiye niliyelikubali. Tukabeba jogoo na unga, tukauliza mjini nyumbani kwa Sadalla, tukaonyeshwa.

Getini tulianza kulia, mikono kichwani, kama tunavyolia kwetu. Nililia sana. Nilikuwa namlilia mtamba. Akatoka mke wake, Mwanahija, na mwiko. Akauliza kuna nini. Tukamwambia pole mama, Sadalla ametutoka. Akaanguka pale pale! Majirani wakajaa, kanga zikafungwa viunoni, mtu akaanza kutoa viti.

Likaja zee moja na kanzu, limetoka msikitini. Likaona watu, likaanza kulia. Likakaa karibu yangu, likalia vizuri kuliko Malale. Kisha likaninong'oneza, jamani, nani amekufa? Nikamwambia Sadalla. Likafuta machozi. Likaniuliza Sadalla yupi. Nikamwambia huyu mwenye nyumba.

Mungu wangu! Ndiye yeye!

Ametutukana matusi ambayo sitaki kuyaandika, mengine siyajui herufi zake. Ujiji hajakanyaga miaka. Kibangwa hakijui. Nikaomba jogoo wangu. Mwanahija akasema jogoo ni wa msiba, na msiba utakuwepo kweli tusipoondoka.

Jumamosi, 9 Machi

Tumemvamia Naseeb. Hata hakushtuka! Kasema wazee wangu, nyie mna haraka. Marehemu ni Sadalla mwingine, wa Ujiji, wamefanana jina tu.

Malale kazunguka nyuma ya duka, kakata kamba, kaondoka na beberu wake. Ushamba! Mimi ni mtu wa heshima, nilidai kwa mdomo. Nikamwambia lete mtamba wangu, mwizi wewe! Kasema yeye mtu wa mjini, hana zizi, amempa Msukuma mmoja huko porini amchungie. Jina limemtoka. Nimepiga meza yake mpaka mizani imelia. Jina halikurudi.

Jumapili, 10 Machi

Asubuhi Nyanzala hayupo. Nilidhani kaenda Kasansa, nikatoka jasho. Mke wa Malale kasema kaitwa na kaka yake Litapunga. Afadhali!

Jioni karudi na Kija. Na mtamba!

Naseeb, katika Wasukuma wote wa nchi hii, alimpeleka mtamba kwa Kija! Kija akaona sikio alilolikata alama mwenyewe. Kaniuliza mbele ya watu, shemeji, lile dume la Kasansa ndiyo linaitwa Naseeb? Watoto wamecheka. Malale kacheka mpaka kashika ua wangu, ua ukainama.

Nyanzala hakucheka. Kasema Baba Kabula, uliniangalia usoni ukanidanganya juu ya kitu changu kimoja. Kesho mtamba anarudi kwa kaka. Ukigusa kitu changu tena, na mimi nakwenda huko huko.

Kanipa ugali bila mboga. Nimeula kwa hasira.

Jumanne, 12 Machi

Nimekwenda kummaliza Naseeb. Kabla sijafungua mdomo, yeye ndiye kaanza kufoka! Kasema mzee mzima nimemwibia mtamba wake zizini kwa watu. Mimi mwizi! Nimetukana, na yeye katukana, wateja wametoka nje kusikiliza.

Ndipo akashusha sauti. Kasema vibangwa vimeshatoka Ujiji, vinaingia na treni ya Alhamisi. Ila sasa havina mwenyewe. Malale kajitoa, mimi nimejitoa. Kuna tajiri wa Tabora anavitaka vyote viwili.

Tabora! Mimi Nkwabi nishindwe na mtu wa Tabora!

Nimemwambia vyote viwili ni vyangu. Mtamba sikumgusa, nimejifunza kumheshimu mke wangu. Nimeacha baiskeli, ambayo ni yangu mwenyewe. Nimerudi kwa miguu, tope mpaka magotini, Malale kanipita na kucheka tena. Acheke! Hajui kwamba na cha kwake nimekichukua mimi.

Nyanzala kauliza baiskeli iko wapi. Nimemwambia iko kwa fundi. Kaanza kufunga nguo zake kwenye kanga, sijui anasafiri wapi na mvua hii. Nitamuuliza baadaye. Sasa hivi nasokota kamba ya shingoni, na lazima iwe imara, inabeba viwili.