Kinasa Sauti Kwenye Kapu la Vitambaa

Jumatatu, 4 Agosti 2025

Kaka yangu Rugamba amepita dukani asubuhi. Jumamosi ya wiki ijayo tunakwenda Busanza kumposea mwanawe Ntare. Binti anaitwa Uwase. Itakuwa gusaba kamili: familia mbili zinakaa zikitazamana, kila upande na msemaji wake. Wenye binti wanazungusha maneno, wanaapa hawana binti. Sisi tunawajibu mpaka walegee. Msemaji wetu akikwama, tunarudi nyumbani bila mchumba na bila uso.

Nikamwambia Rugamba asihangaike, msemaji ni mimi. Akaitazama cherehani yangu kwa muda mrefu. Akasema alikuwa amemfikiria Mzee Eustache.

Eustache! Mwalimu mstaafu, jirani yangu hapa Biryogo, ameposea nusu ya mtaa. Mwaka juzi nilisimama kumsemea binamu yangu, nikasahau kila kitu baada ya salamu. Eustache ndiye aliyeinuka kuniokoa, tena kwa upole. Sijamsamehe.

Jumanne, 5 Agosti

Habari njema. Eustache amekataa. Amemwambia Rugamba kwamba Jumamosi hiyo ameshaalikwa kusema kwingine. Nimeuliza wapi. Busanza. Basi tutapishana njiani, nitampungia mkono. Mimi naona ameogopa tu.

Kwa hiyo nimebaki mimi. Rugamba amekubali kama mtu anayekubali kung'olewa jino. Kisha amekuja Ntare mwenyewe, kijana mpole, fundi wa umeme. Amesema, "Baba mdogo, huyu dada nimemngoja miaka mitatu. Tafadhali usiniangushe." Nimemwambia awe na amani. Limebaki tatizo moja dogo: sina la kusema.

Jumatano, 6 Agosti

Tatizo limekwisha. Eustache anashonewa kizibao hapa kwangu, na ana tabia moja: akijaribu nguo hufanya mazoezi ya hotuba mbele ya kioo changu. Hotuba yake ya Jumamosi nitaichukua nzima. Yeye atasema kwa watu wake, mimi kwa wangu, nani atajua?

Simu yangu ni ya vitufe, hainasi chochote. Nimemwendea Jovia, jirani aliyekulia Kampala, zamani mwandishi wa habari. Amenipa tepu rekoda yake ya kaseti, ndogo, inaingia kiganjani. Inajiwasha yenyewe ikisikia sauti, watu wakinyamaza inalala. Ameniambia, "Fundi, hii kitu iko nzuri, lakini inataka adabu." Kichwa chake, pale mkanda unapopita, kipanguswe kwa pamba na spiriti. Betri zitolewe kazi ikiisha. Sumaku isiisogelee. Tena inachelewa kuamka, kwa hiyo humeza maneno ya kwanza. Anayesema akohoe kwanza ndipo aanze. Nimeitikia yego, ndiyo, kwa kila jambo. Siwezi kumwomba Eustache akohoe.

Alhamisi, 7 Agosti

Jaribio la kwanza. Nimeificha kwenye kapu la vitambaa chini ya kioo, kitufe cha usikivu nimekisukuma mpaka mwisho. Eustache alipofika nikasingizia chai, nikatoka, ili aseme bila haya.

Nimerudi kusikiliza. Upande wote wa kwanza ni cherehani ya msaidizi wangu. Halafu adhana. Halafu mke wangu Zaituni akimweleza mteja kwamba mimi hata nikitumwa vitunguu na chumvi hurudi na kimoja. Mwisho kabisa Eustache, dakika sita safi. Nimefurahi sana. Nimeiweka mashine mahali salama, kwenye droo ya pini.

Ijumaa, 8 Agosti

Ndani ya droo ya pini mna sumaku ya kuokotea pini. Kubwa. Kaseti imebaki inavuma tu, hakuna mtu ndani. Zaituni naye amefutika, angalau hilo.

Jumatatu, 11 Agosti

Kizibao kilikuwa kimekwisha. Nimekifumua na kukibana kwapani, kisha nikamtumia Eustache ujumbe kwamba kuna dosari, aje tena. Amekuja, amejibana ndani, hakulalamika. Usikivu nimeuweka katikati. Msaidizi nimempeleka kununua uzi. Zaituni nimemwomba akamsalimie dada yake. Mimi nikaenda kwenye chai, nikanywa tatu.

Nimenasa! Mwanzo wa kila sehemu umemezwa, kama Jovia alivyosema. Lakini nyama yote ipo.

Jumatano, 13 Agosti

Leo nimeihudumia mashine. Kichwa kimechafuka, pamba ninayo, spiriti imekwisha. Nimetumia manukato ya Zaituni, yale ya mafuta. Matokeo yamenishangaza. Sasa Eustache anasema polepole, kwa sauti nzito, kama mfalme anayeamka. Nimeipenda hiyo sauti. Nitasema hivyohivyo.

Hotuba nimeshaikariri. Ni tamu, ila ya ajabu kidogo. Inasema hatuna binti, mmekosea nyumba, kunyweni kisha mrudi. Nimeisikiliza mara ishirini. Mwanzoni sikuelewa kwa nini mposaji aseme hivyo. Sasa nimeelewa: ni mbinu. Unawanyang'anya wenyeji maneno yao kabla hawajayatamka. Watu wa kawaida hawawezi kufikiria hivyo. Zaituni amesikia nikifanya mazoezi jikoni, akaniuliza kama nina homa.

Ijumaa, 15 Agosti

Ntare amepita na suruali yake niipunguze. Ameniuliza kama nimejiandaa kwa maswali yao. Nimemjibu kwamba hawatapata nafasi ya kuuliza. Akatabasamu kidogo. Nimejisikia vizuri, kama baba wa mtu.

Jumamosi, 16 Agosti

Tumefika Busanza saa nne. Hema mbili, viti vyeupe, fanta kwa kila mgeni. Upande wa pili akasimama msemaji wao. Nilikitambua kizibao kabla ya kuutambua uso.

Eustache.

Akatukaribisha kwa maneno machache mazuri, akauliza kilichotuleta. Watu wote wakanigeukia. Kichwani mwangu mlikuwa na hotuba moja tu. Nikainuka. Nikaitoa, polepole, kwa sauti ile nzito.

Nikawaambia wenyeji kwamba wamekosea nyumba. Nikawaambia, ndani ya nyumba yao, kwamba sisi hapa hatuna binti wa kuozwa. Kwamba aliyekuwepo ameshaahidiwa watu wengine. Kwamba wanywe walicholetewa, wapumzike, kisha warudi walikotoka. Nilitaka kunyamaza, lakini nilikuwa nimekariri vizuri mno.

Mjomba wa Uwase akaweka chupa chini. Rugamba akafumba macho. Nilimwona Ntare ameinamisha kichwa, ameyashika magoti yake kwa mikono miwili, na nikaona aibu ambayo sijawahi kuiona maishani. Miaka mitatu ya kijana wa watu, na mimi ndiye niliyemnyima mchumba, tena kwa sauti ya mfalme.

Eustache alibaki amesimama. Alikuwa hana la kukataa, kila kitu nilikuwa nimeshakikataa mimi. Mwishowe akawageukia watu wake, akasema, "Bavandimwe, ndugu zangu, hawa wageni wametukatalia binti kwa niaba yetu. Sasa na sisi tukikataa, nani ataoza?" Mzee mmoja akacheka. Kisha shangazi. Kisha hema zote mbili. Uwase akaitwa, akaulizwa kama anamfahamu Ntare, akasema anamfahamu. Ng'ombe wakaahidiwa. Yote yamekwisha mapema hata chakula hakijaiva. Tukakaa tukitazama masufuria.

Njiani Rugamba alihamia kiti cha mbali nami. Ntare alinishika mkono. Ameniambia, "Asante baba mdogo. Ila siku ya harusi, nakuomba usiseme kitu."

Jumapili, 17 Agosti

Nimetafakari kwa utulivu. Nani mwingine ameshaposa kwa dakika kumi? Mwanzoni nilijilaumu. Sasa nakumbuka kwamba ile ilikuwa mbinu, nilishaandika hapa hapa Jumatano. Zaituni amesoma juu ya bega langu, akaenda kuosha vyombo kwa kelele.

Jumatatu, 18 Agosti

Nimemrudishia Jovia mashine yake. Ameifungua, akainusa, akanitazama. Amesema sasa iwe yangu.

Jumanne, 19 Agosti

Eustache amekuja dukani. Nilijiandaa kukana. Hakuuliza hata. Amekaa kwenye kiti cha wateja, ameomba nimlegezee kizibao kwapani, kisha ameniambia kwamba taa nyekundu ya mashine ndani ya kapu aliiona tangu siku ya kwanza. Alifurahi, amesema. Alidhani nimejua kwamba yeye ndiye atakayenikabili Busanza, na kwamba nanasa hoja zake za kukataa ili nikazitafutie majibu. Ndiyo maana alizirudia taratibu, moja moja, akageukia kapu. Alitaka Ntare afaulu. Hakutegemea kwamba nitamletea hoja zilezile.

Nimemwomba radhi, kwa sauti yangu ya kawaida, na nilimaanisha. Amenipigapiga begani. Amesema kipaji ninacho, kinachokosekana ni kumsikiliza mwenzangu anaposema. Kila Jumanne niende kwake, anifundishe bure kabisa, saa moja tu, tukiwa wawili. Hakuna aliyewahi kunitendea hivyo. Kidogo nilie.

Nimekubali papo hapo. Tunaanza wiki ijayo. Nimeshanunua betri mpya, na ndani ya koti langu nimeshona mfuko wa siri saizi ya tepu rekoda. Mashine itasikiliza saa nzima, na mimi nitapata nafasi ya kupanga nitakachomwambia.