Chui Mnene wa Mlimani

Jumatatu, 4 Agosti

Mafunzo yameanza. Watunza wanyama kumi na wawili wa bustani yetu tumebanana kwenye stoo ya zamani ya majani. Mkufunzi anasema kumtunza mnyama bandani ni nusu ya kazi; nusu nyingine ni kumlinda kule anakoishi mwenyewe. Mmoja wetu ataongoza mradi wa chui mlimani, miaka mitatu. Ni mimi. Nani mwingine? Miaka kumi na moja namlisha Shangazi, chui wetu mzee, na kufagia mavi yake. Nikiikosa nafasi hii nitastaafu na fagio mkononi. Mpinzani ni mmoja tu: Dada Kasuku wa banda la ndege, anayeandika kila kitu, hata mkufunzi akipiga chafya.

Jumanne, 5 Agosti

Mlimani. Kila mmoja kapewa kamera ya kufunga mtini. Mnyama akipita inapiga yenyewe. Mkufunzi akasisitiza: kabla ya kamera, kaeni na wafugaji, muwasikilize. Kusikiliza! Nina mke na mama mkwe, kusikiliza nimeshahitimu. Dada Kasuku akaenda kwa Mama Mbuzi, mwenye zizi karibu na chemchemi, akamsaidia kukamua huku wakipiga soga. Mimi nikafunga kamera yangu penye kivuli. Nikalala.

Jumatano, 6 Agosti

Picha zangu: mbuzi ishirini na wawili, mguu wa mtu, na mimi nimelala mdomo wazi. Na kesho ni siku ya kuonyesha matokeo! Saa kumi na moja jioni nikamtupia Shangazi paja la ng'ombe kwenye nyasi ndefu nyuma ya banda lake. Nikapenyeza kamera kwenye uzio. Picha moja, safi kabisa, uzio hauonekani. Akili ninayo, jamani.

Alhamisi, 7 Agosti

Makofi! Mkufunzi nusura alie. Alisema kwenye mlima ule chui hajapigwa picha miaka sita, akaisambaza picha yangu kwa kila mtu, mpaka kwa wafugaji wenyewe. Wenzangu kumi walikuwa wakitazama viatu vyao. Dada Kasuku hakuwa na picha hata moja. Alisema kamera yake bado iko mlimani, anasubiri. Kisha akaitazama yangu kwa muda mrefu, akauliza kwa upole kama chui wa porini huota kitambi. Nikamjibu kwamba kamera hunenepesha. Jasho lilinitiririka mpaka kwenye soksi.

Ijumaa, 8 Agosti

Balaa. Asubuhi imekuja simu: Mama Mbuzi ameiona picha na ametega nyama yenye sumu, vipande vitano, kwenye njia ya chemchemi. Mkufunzi akanituma mimi nikamtulize, kwa kuwa chui ni wangu. Dada Kasuku akanifuata.

Mama Mbuzi alinipa kigoda, akanieleza bila hasira. Chui wao anamjua tangu alipoolewa. Mwembamba, anakula nyani, zizi hajaligusa hata siku moja. Lakini huyu wa kwenye picha amenona. Akaniuliza unono huo kautoa wapi kama si kwa mbuzi wa watu.

Hapo ningesema ukweli yangekwisha. Nikasema si mnene, ana mimba. Mama Mbuzi akauliza hao watoto wakizaliwa watakula nini, akainuka kwenda kuongeza vipande. Maji yalinifika shingoni. Dada Kasuku alinikazia macho. Nikaropoka yote: Shangazi, paja, uzio. Mama Mbuzi akakaa chini taratibu. Akasema, mwanangu, si ungeniuliza tu?

Tulikimbilia chemchemi wote watatu. Vipande vilikuwa vinne. Cha tano nilikitafuta kwa magoti kwenye miiba mpaka giza likaingia. Sijawahi kuogopa hivi. Kama amekufa, nimemuua mimi.

Jumamosi, 9 Agosti

Yu hai! Kamera ya Dada Kasuku, iliyofungwa pale alipoelekezwa na Mama Mbuzi, imempata alfajiri ya leo akinywa maji. Mwembamba kweli. Kile kipande cha tano kilikuwa kimeliwa na mbwa wa Mama Mbuzi. Tumemzika nyuma ya zizi. Mama hakunilaumu, na hilo liliniuma kuliko matusi. Nililia mbele za watu, wala sioni aibu kuandika.

Uongozi amepewa Dada Kasuku. Mimi sijafukuzwa. Mkufunzi ameniachia jambo moja la mwisho: wiki nne nikakae na Mama Mbuzi, nimsikilize, na kila wiki nilete ripoti ya aliyoyasema. Ripoti zikiwa nzuri, nitaingia kwenye mradi. Nimemwahidi kwa moyo wangu wote.

Jumapili, 10 Agosti

Mvua tangu asubuhi, na mlima ule una matope. Nimekaa mezani na chai yangu, na kabla ya saa sita ripoti zote nne zilikuwa tayari. Mama Mbuzi amezungumza vizuri sana. Wiki ya tatu amenisamehe kuhusu mbwa.