Dumu la Uraka Kupita Paa la Ghala

Jumatatu, 11 Novemba 1996
Redio ya dukani kwa Twaha imesema mwaka 1970 Waingereza walirusha roketi ipeleke setilaiti juu. Ikavuja upepo njiani, ikakosa nguvu, chubwi baharini! Nikasema wangeniita mimi. Ujana wangu nilipaka grisi matrekta yao ya ule mradi wa karanga hapa Nachingwea, kuziba najua. Kornel, yule wa kutoka Ruangwa, akacheka, eti pancha ya baiskeli ilinishinda siku tatu. Hasira! Nikaapa: Ijumaa narusha dumu lipite paa la ghala la korosho. Nikishindwa, achukue kiti changu cha karibu na redio. Masikio yangu haya, nikikaa nyuma sisikii kitu. Lakini ashindwe nani?

Jumanne, 12
Nimechukua dumu la uraka la mke wangu Valentina, ile pombe yake ya mabibo ya korosho. Mabibo yakichacha yana nguvu kuliko roketi. Nimekaza kizibo kwa mpira wa baiskeli, nikalianika juani. Valentina kauliza uraka wake uko wapi. Nikamwambia ni mambo ya serikali.

Alhamisi, 14
Dumu limevimba kama chura. Valentina kaliona. Kasema, mzee wee, litakupasukia hilo. Nikamwuliza yeye kafanya kazi na Wazungu lini.

Ijumaa, 15
Watu wamejaa, wengine wametoka Marambo. Dumu kichwa chini, kamba kwenye kizibo, nikikichomoa tu lipae. Nikahesabu kurudi nyuma. Kumi, tisa, saba... nikarukia moja. Nikavuta. Kizibo kimegoma! Nikavuta tena. Kitako cha dumu PAA! Uraka ukaruka hadi juu ya ghala, dumu likabaki chini limechanika. Nikashangilia: mzigo umefika! Na kizibo hakikuvuja hata tone, Waingereza waje waone! Kornel, kalowa mpaka soksi, akasema tulipatana dumu, si uraka. Twaha kaamua kiti ni cha Kornel. Upendeleo mtupu.

Jumapili, 17
Baada ya misa nimesimama mlangoni kwa Twaha. Sisikii. Kornel kakaa, mguu juu ya mguu. Mara kageuka, kaanza kunipigia kelele habari zote: Mzee Maximilian, wanasema mvua zitawahi! Mzee Maximilian, wale Waingereza mwaka uliofuata walirusha nyingine, ikafika, halafu wakaacha kabisa! Nimesikia vizuri kuliko redio yenyewe. Basi nimemshinda. Sasa ni karani wangu.

Waingereza nawasikitikia, kuacha mapema vile. Mimi nimeomba pipa la Valentina. Kakataa mara tatu, ya nne atalegea. Kosa nimeshaliona: kizibo kilitaka kukazwa zaidi. Safari hii nakifunga na waya.