Sufuria la Chuma na Vyungu vya Sadala

Alhamisi, 8 Mfungo Tisa (kwa Wadachi, Agosti 1905). Mahege.

Sadala kaoa mke wa pili. Sadala! Mtu aliyekuwa akiniomba chumvi! Sasa watu wanatoka mpaka Kibiti kumletea shuka nyeupe za merikani azitie rangi nyekundu ya magome ya mkoko. Kila shuka, kapu la mpunga. Simwonei wivu. Nimepita kwake mara kadhaa leo kuhakikisha kwamba simwonei wivu.

Nimeichunguza kazi yake. Vyungu vya udongo, vidogo, vinavuja. Mjinga yule! Mimi nikipata sufuria moja kubwa la chuma, shuka zake za juma zima nazimaliza kwa siku.

Jumamosi, 10.

Mchuuzi Mwinyimvua analo sufuria la chuma, mtu mzima anaingia akakaa. Lina kutu kidogo. Anataka mbuzi wote wa mke wangu. Nimepima faida na hasara kwa utulivu. Mbuzi: huzaa, hutoa maziwa, lakini huugua, huibwa, hufa. Sufuria: halifi. Basi, hesabu imekubali.

Zabibu kaniambia mbuzi wale ni urithi wa mama yake, na nikiwagusa anarudi kwao Nyamwage. Nikamwambia sitawagusa. Na kweli sikuwagusa. Mwinyimvua kaja kuwaswaga mwenyewe.

Jumanne, 13.

Zabibu kaondoka, hata kwaheri hakunipa. Atarudi akisikia harufu ya mali. Mwantum, anayemwoza binti yake, kaniletea shuka zote za harusi, baada ya mimi kumnong'oneza kwamba vyungu vya Sadala vina kunguni. Moto umewaka. Raha!

Alhamisi, 15.

Nyeusi! Magome yale yale, maji yale yale, shuka nyeusi tii! Na mikono yangu mpaka viwikoni. Mwantum kauliza kama binti anaozwa au anazikwa. Kazitupa shuka, kaenda zake akitukana.

Sadala naye kapita, katazama, kasema kwa upole kwamba magome na chuma havipatani, kila mtia rangi anajua, ndiyo maana ya vyungu. Kisha kanipa pole. Pole yake imeniuma kuliko hasara.

Jumatatu, 19.

Alhamdulillahi! Vijana wanaokwenda kupigana na Wadachi wanataka nguo nyeusi. Wamechukua shuka zote! Sadala na wekundu wake kabaki kunitazama. Nilipouliza malipo wakanipa kibuyu cha maji ya dawa: ukinyunyiziwa, risasi inageuka maji.

Nimepima faida. Mbuzi wametoka, mke katoka, shuka za watu zimetoka. Kimeingia kibuyu. Nikaamua kuyachemsha maji yale yaongezeke. Yamepungua.

Jumapili, 25.

Askari wa Wadachi wameingia kijijini, wanamkamata kila mwenye nguo nyeusi. Mimi sina nguo nyeusi. Nina mikono! Nimeisugua kwa majivu, mchanga, ndimu. Wapi! Wakanifunga kamba shingoni pamoja na wengine, wakasema adhabu ni kitanzi. Nililia, siwezi kuficha.

Hapo Sadala kaja, kavua kofia, kamweleza mkubwa wao kwamba mimi ni kibarua wake na weusi huu ni wa sufuria. Kaenda kuliburura mwenyewe walione. Nikafunguliwa. Wenzangu wamebaki kwenye kamba.

Kibarua! Wake! Mbele ya watu wote! Angesema hata mshirika.

Jumatano, 4 Shaabani.

Maghala yote yamechomwa na askari. Watu wanachimba mizizi. Leo Zabibu karudi kwa miguu, kakonda, kichwani mfuko wa mbegu za mpunga aliopewa na kaka yake. Kasema kanisamehe kwa kuwa niko hai. Kasema mbegu hizi hazipikwi wala hazigawiwi: mvua ikinyesha tunapanda, tukizikosa tunakufa. Nimelia tena. Nimeapa kwa Mungu.

Adhuhuri nikasikia Sadala kaanza kupika sabuni. Wake zake wote wawili wananukia! Na Semeni wa Kibiti ana pipa zima la mafuta ya nazi, analitoa kwa mfuko mmoja wa mbegu.

Nimepima kwa utulivu. Mbegu: huoza, huliwa na panya, hungoja mvua. Sabuni haingoji mvua.

Zabibu kalala, safari imemchosha maskini. Mfuko nimeujaribu begani. Si mzito.