Kuku ya Boksi

Couvre-feu, ile amri ya kukataza watu kutembea usiku, njo ilifundisha Tajudini biashara. Zamani mutu wa Bujumbura alikuwa anakaa mu kabare ya pombe, anaagiza brochette, mishikaki ya mbuzi, anakula polepole huku anatukana timu ya mwenzake. Mwaka ule wa vita na embargo, majirani wametufungia mipaka, jua likianza kushuka kila mutu alikuwa anakimbia kwake na chakula mu mukono. Na mabibi wa Kigobe, mutaa wa wakubwa, walikuwa wameshachoka na nyama ya kufungiwa mu gazeti. Walitaka boksi, kama zile wazungu wa ma-ONG, mashirika ya misaada, wanabeba.

Tajudini aliangalia ile hali kutoka mulango ya duka moja ya mutaa wa Bwiza, akaelewa kitu chenye wanafunzi wa uchumi hawajaelewa mpaka leo: boksi ikifungwa, mutu ananunua boksi.

Akaenda kwa Mathilde, mama wa Uvira aliyekuwa anakaanga ndizi nyuma ya garaji. Mathilde alikuwa anajaza boksi ndizi, kitunguu na pilipili. Tajudini anaweka juu bawa moja ya kuku, lenye limechoka, anafunga na utepe mwekundu. Jina: Poulet Royal, kuku ya kifalme. Alikuwa anauzisha dakika za mwisho kabla ya couvre-feu, na kuonya wateja kwa upole kama daktari: usifungue njiani, mvuke ukitoka utamu umekwisha. Mutu anafungua kwake, barabara zimeshafungwa, hawezi kurudi kugomba. Kesho yake anaona haya kusema amedanganywa, sababu hakuna mutu wa Kigobe anapenda kuonekana hajui Poulet Royal.

Halafu Madame Caritas, bibi ya koloneli, akaagiza boksi za karamu nzima. Tajudini alipanga kuziacha ku geti na kupotea. Lakini dereva ya koloneli, Sylvère, alikuja na jeep, akapakia boksi pamoja na mwenye boksi, akawashusha wote mu salon.

Wageni walikuwa wamekaa. Hakuna aliyenyoosha mukono.

"We kijana, onja," koloneli akasema.

Na haki ilikuwa yake. Kwetu mwenye kuleta chakula anaonja kwanza, watu waone hakuna sumu. Na wakati wa vita hata mama yako anaonja. Tajudini akauma bawa, akatabasamu, akafunga boksi.

"Ya chini," koloneli akasema.

"Ya chini ni ile ile, mon colonel. Inaendelea."

"Onja yenye inaendelea."

Tajudini akaingiza vidole, akatoa ndizi. Madame Caritas akafungua boksi ya pili, ya tatu. Ndizi. Koloneli akauliza, bila kupandisha sauti, nani amefanya hii kitu. Ushujaa wa Tajudini, wenye ulikuwa mudogo tangu azaliwe, ukaisha.

"Apana mimi. Ni mama moja anaitwa Mathilde, Bwiza, nyuma ya garaji ya Ilyasi, mulango wa bluu. Njo anapika yote. Mi nabeba tu."

Akaeleza njia mara ya pili, kusudi wasimukose.

Koloneli, mwenye hakuwa amekula tangu asubuhi, akaweka ndizi mu kinywa. Akatafuna. Akachukua ingine. Akasukuma bawa pembeni na kidole kama mutu anaondoa inzi. Wageni wakafanya vile vile. Wote walikuwa wamekulia ndizi kwa mama zao mpaka walipopata vyeo, na tangu siku ile hakuna aliyethubutu kuziomba.

Couvre-feu ilikuwa imeshaanza, Tajudini akalala mu kibanda cha walinzi. Asubuhi akakimbia Bwiza kuambia Mathilde ahame haraka. Alikuta jeep iko pale. Sylvère alikuwa wa kwanza ku musitari, na nyuma yake madereva wengine wa Kigobe, kila mumoja na sahani ya bibi wa kwake. Boksi, hakuna hata moja.

Akamukaribia Mathilde, akamunong'oneza kwamba wao ni associés, washirika wa biashara, na sasa wazungumuze kama watu wazima.

Mathilde aligeuza ndizi upande wa pili.

"Sylvère ameniambia ulisema unabeba tu," akajibu. "Gunia ya makala ya jiko iko pale, Taju. Beba."

Tajudini aliangalia gunia, akaangalia Sylvère, mwenye alikuwa anamuangalia pia. Akainama, akabeba.